Ile Nyembamba

"Kaka, nataka ile nyembamba."

Katika miaka miwili niliyosimama Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, sentensi hiyo niliisikia kuliko salamu. Mteja hataji jina la mashine wala nguvu yake. Anainua mkono, anasogeza kidole gumba na cha shahada mpaka vinakaribia kugusana, kama anakuonyesha kipimo cha chumvi ya kutia kwenye uji. "Nyembamba hivi. Nyepesi. Ile ya kiofisi-ofisi."

Mimi nilikuwa winga. Kwa msomaji usiye wa Dar es Salaam, winga ni mtu asiye na duka ila ana miguu na mdomo. Anamdaka mteja barabarani, anampeleka dukani kwa mtu, bei ya bosi anaijua, anapandisha juu yake kidogo, na hicho kidogo kinaitwa cha juu. Ndicho kilichonilipia chumba Manzese. Mchana niliuza laptopu, usiku niliandika hadithi kwenye kaunta buku kwa kalamu ya mia tatu. Hizo laptopu ndizo ninazotaka kuzisema hapa. Nadhani wanaozitaka niliwajua kuliko wao walivyojijua, na ujuzi huo angalau mara moja niliutumia vibaya.

Duka nililopeleka wateja wengi lilikuwa na mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Mteja akionyesha shaka, bosi anaipandisha mashine juu ya mizani bila kusema neno. HP EliteBook 840 G3, toleo la 2016, inacheza kwenye kilo moja na nusu. ThinkPad X1 Carbon ya 2018 inasoma kilo moja na gramu mia na ushee. Halafu, kwa makusudi kabisa, bosi anampa mteja ashike mashine ya zamani, yale matofali ya 2011 yenye kilo mbili na zaidi, kisha anampokonya na kumpa ile nyepesi. Hapo mteja kwisha. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu, wakicheka peke yao kama mtoto aliyepewa puto. Mkono unapanda wenyewe juu.

Chaja haijawahi kupandishwa kwenye ile mizani. Hakuna mteja aliyeiomba, na sisi hatukuwakumbusha. Nyingine na waya wake ni robo kilo na zaidi. Mtu analipa laki mbili zaidi kukwepa gramu mia nne, halafu anazibeba nyingi kati ya hizo kwenye mfuko wa pembeni.

Mashine zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Huko Ulaya na Marekani kampuni hukodi laptopu za wafanyakazi wake kwa miaka mitatu au minne, muda ukiisha zinarudishwa, zinauzwa kwa mafungu, nyingi zinapitia Dubai, ndipo tunazipokea sisi. Zinakuja na ganda la gundi mgongoni, pale palipokuwa na namba ya mali ya kampuni. Baadhi zina kibodi za Kijerumani, ambako Y na Z zimebadilishana viti. Mteja anaweka Windows ya Kiingereza, anatazama vitufe, anaandika "yai", inatokea "zai". Tulikuwa na karatasi za stika za herufi, tunabandika juu, baada ya miezi sita zinabanduka na Mjerumani anachungulia tena.

Ukiuliza wembamba huu ulianzia wapi, utasikia hadithi ya Januari 2008, San Francisco, siku Steve Jobs alipopanda jukwaani na kuichomoa MacBook Air ya kwanza kutoka ndani ya bahasha ya kaki. Laptopu nyembamba zilikuwapo kabla, Wajapani walikuwa wamezitengeneza, lakini ile bahasha ndiyo iliyobaki kichwani mwa watu. Mwaka 2011 Intel wakaleta jina la Ultrabook na kuwahimiza watengenezaji wote wapunguze unene. Mwaka 2012 Lenovo wakatoa X1 Carbon yao, na mtindo ukaingia maofisini moja kwa moja.

Video ya siku ile nimeitazama mara nyingi. Ukumbi mzima unashangilia wembamba. Mimi macho yangu hubaki kwenye bahasha.

Kwani sisi bahasha ya kaki tunaijua kwa kazi nyingine. Ndani yake mna cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa na picha mbili za pasipoti. Pembe zimelainika kwa jasho la kwapa. Mtu mwenye bahasha ya kaki akitokea getini, mlinzi anajua kabla hajasalimiwa: huyu anaomba. Na mtu mwenye laptopu nyembamba mkononi, simu sikioni, mlinzi huyohuyo anamfungulia na kumwita bosi. Wamarekani walitoa laptopu kwenye bahasha. Vijana wetu wanataka laptopu ili waiache bahasha.

Nasema hivi kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuja Jumamosi ya joto kali, bahasha kwapani, laki nne na nusu mfukoni, pesa ya kuendesha bodaboda ya watu. Nikamwonyesha 840 moja nzuri, ina nguvu ya kutosha, RAM inaongezeka baadaye. Akaikunja uso.

"Hamna nyembamba zaidi?"

"Zipo, ila kwa hela hiyo utapata ya zamani zaidi, itakuwa nzito kufanya kazi. Nzito ya akili, sio ya mwili."

"Nitavumilia." Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Kaka, hivi nikiingia nayo ofisini kwa mtu, mlinzi atanisimamisha?"

Swali la namna hiyo huliwezi kulipima kwa mizani ya keki. Nikamwambia inategemea na viatu. Tukacheka. Akachukua Folio ya 2012, nyembamba kweli, imechoka kweli. Kabla hajaondoka akaifunua, akatoa vyeti vyake kwenye bahasha, akavilaza juu ya kibodi, akataka kuifunga kama faili. Ikabidi niruke. "We! Utapasua kioo!" Alivitoa kimoja kimoja taratibu, akavirudisha kwenye bahasha, bahasha akaikunja mara mbili na kuisokomeza ndani ya shati.

Wengine walikuwa na sababu zao, na sababu hizo hazikufanana kama vidole vyao vilivyofanana. Dada mmoja mhasibu, mkazi wa Kimara, alikuwa anapanda mwendokasi kila siku kwenda Posta, amesimama tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho. Yeye wembamba wa kuonekana hakuutaka hata kidogo. Alitaka mashine iingie kwenye pochi yake kubwa, kati ya khanga na kopo la chakula, isijulikane. "Begi la laptopu linajitangaza lenyewe," akasema. Alishaporwa moja na watu wa pikipiki, bega likateguka. Yule kijana alitaka ionekane, huyu dada alitaka ipotee, na wote wawili nikawauzia neno moja: nyembamba.

Alikuwapo pia afisa mmoja wa mradi, mtu wa kusafiri mikoani, aliyenifundisha kitu. Alikataa X1 Carbon yangu kwa kuigeuza tu ubavuni. "Tundu la VGA liko wapi?" Halipo. "La waya wa intaneti?" Linataka kipande cha kuunganishia. Akanirudishia. "Mdogo wangu, kule ninakokwenda projekta ni za VGA. Nitasimama mbele ya madiwani na mashine yako nzuri, nionyeshe nini, mfuniko?" Akachukua 840, yenye matundu yote, akaenda zake. Wateja wa namna yake walikuwa wachache. Wengi walihesabu kilichomo, wasihesabu kilichoondolewa. Wembamba haushuki kutoka mbinguni, bwana. Mtengenezaji amepunguza matundu, amelehemu RAM kwenye bodi ili isiongezeke tena milele, amefupisha mwendo wa vitufe, ameibana betri ikawa bapa kama chapati na kuifungia ndani. Waandishi wenzangu, hilo la vitufe msilidharau. Kuna mashine nyembamba ambazo kuziandikia ni kama kugonga meza kwa kucha.

Lakini betri ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo langu.

Mwishoni mwa 2023, wakati wa mgao wa umeme, alikuja mzee mmoja wa upande wa Kisarawe. Nilimjua kuwa mwalimu kabla hajajitaja, kwa jinsi alivyoshika risiti za duka jingine, amezipanga kwa ukubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mwalimu, nimestaafu. Nataka mashine ya kuandikia. Iwe kitu nisichokisikia begani."

Bega lake la kulia liliumia katika ajali ya basi, akawa hawezi kubeba kitu upande huo. Alikuwa na kaunta buku sita zilizojaa mwandiko, na moja alikuja nayo. Anaandika jinsi kijiji chao kilivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, yeye akiwa na miaka kumi na saba. Alitaka kuwa anakwenda na mashine kwa wazee wenzake waliobaki, akae nao barazani, waseme, yeye aandike palepale. "Wanaondoka mmoja mmoja," akasema. "Mwezi uliopita wameondoka wawili."

Msomaji, katika miaka miwili huyo ndiye mteja aliyejua kuliko wote anachokitaka. Wepesi, kwa sababu ya bega. Na swali lake la pili lilikuwa hili: "Umeme ukikatika, inakaa muda gani?"

Kuna amri moja ya kuandika kwenye Windows, powercfg /batteryreport. Ukiiandika, mashine inatoa ripoti ya betri yake yenyewe: ilizaliwa na uwezo gani, leo imebakiwa na kiasi gani. Kila mnunuzi wa mtumba aijue. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeipima X1 Carbon iliyokuwa mbele yetu. Ilizaliwa na saa-wati 57, imebaki na 23. Na betri iliyochoka namna hiyo haifi kwa heshima. Inakuonyesha asilimia thelathini, unashusha pumzi, inazima.

"Saa nne hadi tano, mwalimu," nikasema. "Hizi betri zake ngumu."

Bei ya bosi ilikuwa laki saba na nusu. Nikamtajia laki nane na nusu. Hakubishana. Alitoa pesa kwenye soksi, nadhani alishazihesabu nyumbani, kwa maana hakuzihesabu tena. Nikamfungulia Word, nikamwonyesha pa kuandikia, nikamwacha, kwa sababu nje kulikuwa na mteja mwingine anaonyesha vidole viwili hewani.

Wiki tatu baadaye nikamwona anakuja kati ya mikokoteni, begi begani upande wa kushoto. Ukiwa winga unajifunza kumtambua mteja anayerudi na kasoro. Wenzangu hujificha ghorofa ya pili. Miguu yangu ilikwenda nusu, ikagoma.

Hakupiga kelele. Aliomba kiti, akakaa, akafuta jasho kwa leso.

"Mwanangu, kumbe nilikuwa naandika juu ya maji."

Alikuwa ameandika kurasa nne kuhusu usiku malori yalipofika. Ameziandika barazani kwa bibi mmoja mwenye umri mkubwa, bibi anasema, yeye anaandika. Mashine ikaonyesha theluthi ya betri bado ipo. Ikazima. Umeme wa mgao uliporudi saa tano usiku alikuta ukurasa mweupe. Hakuwa amehifadhi chochote, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwambia kwamba kuna kuhifadhi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ikawa amekaa mpaka alfajiri kwenye taa ya chemli anajaribu kuyarudisha kwa kalamu yale aliyoyakumbuka. Akanionyesha kaunta buku. Kurasa mbili na nusu.

"Rudi kwa bibi," nikasema, "si atasema tena?"

"Alisema mara moja. Mara ya pili akalia tu."

Kisha akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi ambaye daftari lake analijua tayari. "Ulijua kuhusu hii betri?"

"Hapana, mwalimu. Mashine za mtumba, si unajua tena."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuongeza neno. Ningependa kukuambia kwamba aliona ninadanganya, ingenipunguzia kitu. Sidhani kama aliona.

Nilimpeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na X1 Carbon ya toleo lilelile iliyopasuka kioo, mzoga wa kuchomoa vipuri. Tukafungua skrubu tano za chini, tukabadilishana betri. Ile ya mzoga ilisoma 44. Nikalipa elfu sitini, mwalimu nikamwambia ni dhamana ya duka. Duka lenyewe halikuwa na dhamana yoyote zaidi ya salamu za kwaheri. Nikaweka Word ijihifadhi yenyewe kila dakika moja. Nikamfundisha Ctrl na S, naye akaandika kwenye jalada la kaunta buku kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Ctrl + S, kila baada ya sentensi, kama kuvuta pumzi." Alipoondoka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, pamoja na ule wa bega bovu. "Vijana wa Kariakoo mnasemwa vibaya bure," akasema.

Elfu arobaini ya cha juu ikabaki kwangu. Nilinunua mchele.

Mwaka uliofuata niliacha uwinga. Sitaki kukudanganya kwamba ni kwa sababu hiyo, nilipata kazi ya kuchapa na kudurufu karibu na chuo kimoja, kazi ya kukaa kitini. Wenzangu wa Aggrey tukikutana wananiambia siku hizi mteja anaonyesha vidole vilevile ila kuna swali limeongezeka: "Inapokea Windows 11?" Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za miaka ya 840 G3 kurudi nyuma haziruhusiwi kupanda kwa njia halali. Mawinga wanajibu inapokea. Ninawaelewa kabisa wanavyojibu.

Mimi mwenyewe naandikia ThinkPad T420 ya 2011, tofali kamili. Niliipata kwa fundi yuleyule, haina kamera, bawaba moja inalia kama mlango wa banda. Betri yake unaichomoa kwa vidole nyuma ya mashine, unatia nyingine, unaendelea. Vitufe vyake vinashuka mpaka chini, ukigonga unajua umegonga. Kwenye vikao vyetu vya waandishi nikiitoa kwenye begi wanauliza kama nimekuja kusoma hadithi au kurekebisha bomba. Na nisikufiche: naitaka ile nyembamba. Nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Mbezi, mkanda wa begi umenikata bega, nainua vidole viwili mwenyewe bila kujua.

Mwalimu hunipigia simu. Mara namba za kurasa zimegoma, mara herufi zimekuwa kubwa zote, mara anataka tu kunisomea kipande. Amefika ukurasa wa 112. Betri inakaa saa mbili na nusu, naye amejipangia kazi kwa kipimo hicho: mzee mmoja, kikao kimoja, saa mbili, kisha anafunga. Usiku wa malori umebaki na kurasa zake mbili na nusu. Yule bibi alifariki mwaka jana.

Mwezi uliopita alinipigia akiwa na furaha. Anaandika ukurasa wa shukrani, ameanza na Mungu, mkewe marehemu, wazee wa kijiji mmoja mmoja, na mwisho anataka jina langu kamili na jinsi linavyoandikwa. Akanisomea sentensi aliyokwisha kuiandaa. Inanitaja kuwa kijana mwaminifu wa Kariakoo.

Nilimwambia asiuchape ukurasa huo kwanza, kuna jarida nataka nimpelekee asome. Akauliza limeandikwa nini. Nikasema ni habari za laptopu tu, mwalimu, nitalileta mwenyewe Jumapili.